Ile Termosta Nilipika mu Sufuria Yangu

Sufuria yenyewe ningali nayo. Iko ndogo, ya aliminiyo, mukono moya ilikatikaka zamani, na chini yake kuko alama nyeusi ya makala, hata ukisugua na muchanga haitoke. Mu hii sufuria sikupikaka sombe, majani ya muhogo, hata siku moya. Bwana yangu njo aliibebaka, ule mwaka tulipata kamionette, akapika ndani kintu ya motere. Nilimupigia makelele paka bajirani bakatoka kuangalia. Yeye alikuwaka shofere ya kampuni ya kuchimba mukuba miaka mingi, muntu ya mikono migumu na maneno kidogo. Hakukasirika. Alisema paka:

"Mama ya batoto, kuya uone."

Ile kintu aliifunga na uzi ya kushonea, akaining'iniza mu mayi isiguse chini. Ilikuwa ya mviringo, inaenea mu kiganja ya mukono, katikati kuko kifuniko kidogo na chini yake resore, waya ya kuzungushwa. Tukasimama babili pale pa mbabula ya makala sawa bantu benye kungoya chai. Mayi ikaanza kutoa moshi. Haikuchemuka bado, na nikaona kile kifuniko kinainuka polepole, chenyewe, hakuna muntu aliyekigusa. Akaivuta na uzi, akaiweka pa simenti, na kifuniko kikajifunga tena.

"Njo termosta," alisema. "Iko mulango. Motere ikiwa baridi, mulango inafungwa, mayi inabakia ndani, inapata joto. Joto ikifika pake, mulango inafunguka, mayi inaenda ku radiatere kupoa. Sasa angalia huku chini, kuko mulango ya pili. Ile ya juu ikifunguka, hii ya chini inafunga njia ya mufupi. Ukitoa kintu yote, njia ya mufupi inabakia wazi. Mayi ya moto inazunguka paka pale pale, haifike ku radiatere."

"Na hii joto ya kwetu? Motere inatafuta joto ya nini tena?"

"Mwezi ya sita, asubui, weye unaogaka na mayi ya baridi?"

"Apana."

"Basi."

Miye nilisoma paka mwaka ya tatu ya pirimere, kiisha baba yangu akasema mutoto mwanamuke na kalamu ni bintu bibili byenye kugombana. Lakini ile ya termosta niliishika siku moya, na sikuiacha. Kila mwaka, baridi ikianza kuuma, bwana yangu alikuwa anafungua motere, anaitoa, anaipika, anaangalia kama inafunguka na kama inajifunga. Ikichelewa, anatafuta ingine. Na mu radiatere hakutiaka mayi ya kisima hata siku moya. Mayi ya kisima hapa kwetu, mutaa ya Hewa Bora, hata kikombe ya chai inaachaka nyekundu. Alikuwa anatia ile mayi ya kijani, ya radiatere, na mutoto akisogelea bido, ile dumu yake, anamufukuza.

Mutoto yetu mwanaume aliona ile yote. Alikuwa anakaa pale pale ku mulango ya jiko na sahani ya bukari pa magoti. Minaandika hii mapema, juu itarudi.

Bwana yangu alipokufa, bandugu yake bakakuya na kilio, bakarudi na frigo. Bakabeba televizyo, bakabeba kitanda, bakabeba hata koti yake ya kazi. Njo desturi, banasema. Mukubwa yao akaingia mu kamionette, akageuza ufunguo mara tatu, motere haikuwaka. Akatoka, akapiga teke pa piné, akasema hii imemufuata mwenyewe, imekufa. Haikumufuata mwenyewe. Nilikuwa nimelegeza kamba ya batri asubui, mbele bafike. Sina haya ya kuandika vile.

Kamionette ikakuwa mikono yangu. Nilikuwa naenda Mokambo, ku mupaka, kutafuta bunga ya mahindi, nakuya kuiuzisha hapa. Mutoto yangu njo alikuwa anaendesha, siku ya posho, njo jumamosi. Siku zingine anafanya kazi mu biro, juu alimaliza masomo ku iniversite kule Kasapa na ana diplome mu kioo ku ukuta. Nilikuwa nafurahia ile diplome. Lakini sikuhitaji kulomba muntu. Nilikaa mujane miaka yote ile bila kumulomba mutoto hata chumvi.

Sasa mwaka moya, mwezi ya sita, kamionette ikaanza kumwanga mayi ku mupira moya ya radiatere. Kintu kidogo. Mutoto yangu akaipeleka ku garaji ya mekanisie moya kijana, mwenye kusomea mambo ya motokari, na karatasi ya shule iko imefungwa pale ku mulango. Akairudisha muzuri, hakuna mayi yenye kumwangika. Siku ya posho tukatoka asubui, baridi ya kukata masikio. Nikaangalia ile mushale ya joto pa tablo. Tumefika soko, iko chini. Tumetoka mu muji, iko chini. Imelala sawa mugonjwa.

"Tata," nikamuita, juu ana jina ya baba yangu, "hii mushale inafanya nini?"

"Imetulia, Mama. Unaona? Motere inapumua muzuri."

"Bamefanya nini mu motere?"

Akacheka kidogo. "Mekanisie alitoa termosta. Anasema iko kintu ya Bulaya, ya ku inchi ya teleji na baridi. Hapa kwetu inafunga mayi bure."

"Iko wapi?"

"Iko wapi nini?"

"Termosta ya baba yako."

"Ah, Mama. Alitupa."

Niliangalia ile mushale paka Mokambo, na paka kurudi. Siku ya kazi yenye kufuata nikavaa kikwembe ya kutokea nayo, nikaenda ku ile garaji ku miguu.

Mekanisie alikuwa chini ya motokari, nikaona paka viatu. Nikamwambia miye ni mama ya ule mwenye kamionette, nakuya kutafuta termosta yangu. Akatoka, akapangusa mikono, akaniangalia sawa unaangalia bibi muzee mwenye kupotea njia ya kanisa.

"Kambo, weye umeshatengeneza motokari ngapi?"

"Moya. Iko hai toka mbele ya weye kuzaliwa. Zile zako pale nyuma ziko ngapi zenye kufa?"

Bale bantu benye kungoya motokari zao bakacheka. Yeye hakucheka. Akaenda mu kontenere, akarudi na ndoo, akaiweka mbele yangu pa udongo. Ndoo muzima ya ba termosta. Zingine zilikuwa na kutu, zingine zinangaa, mupya kabisa.

"Chagua yako, Kambo. Hizi zote nilitoa, na hakuna hata muntu moya alirudi kulia."

Nikainama, nikatafuta. Nilitafuta na mikono mibili mu ile ndoo paka mugongo ukaniuma, na hakuna niliyotambua. Kila moya ilikuwa mulango ya motokari ya muntu, na bale bantu bote balikuwa bamerudi ku nyumba na furaha, juu mushale imelala.

Nikatoka pale, nikaenda ku soko ya bintu ya motokari. Muuzishaji akanionyesha termosta mine zenye kuenea mu motere yetu, mu boksi zao. Pembeni yake kulikuwa mwanamuke mwenye kuuzisha chai na maandazi. Nikamulomba mayi ya moto na mahali ku mbabula yake. Sufuria nilikuwa nayo mu kitunga. Uzi pia.

"Mama! Mama, hii habapikake na sombe!" muuzishaji akaita benzake. "Kuyeni muone, kuko mama anatutengenezea mboga ya chuma!"

"Weye unauzisha kintu unayua paka jina yake ku boksi. Nyamaza ujifunze."

Bakakusanyika. Nikaingiza ya kwanza, mayi ikachemuka paka ikaruka, kifuniko hakikuinuka. Ya pili ikafunguka, kiisha ikakataa kujifunga, ikabakia kinywa wazi hata ilipopoa. Hapo bakaacha kucheka. Ya tatu ikafunguka muzuri, mbele mayi ichemuke, ikajifunga muzuri. Nikaipika tena kuhakikisha. Ule mwanamuke ya chai akaniuliza kama ku motokari ya bwana yake kuko kintu sawa hii, nikamwambia ilikuwa, labda haiko tena, akamuulize mekanisie yake. Muuzishaji mwenyewe akakuya na sauti ya chini, "Mama, unipikie na hii ya kiliya yangu, kuko muntu anakuya kuinunua." Nikamwambia anunue sufuria.

Ku nyumba nikaipangusa, nikaifunga mu kipande cha kikwembe pamoja na jwé yake ya karatasi, ile ya kuziba mayi isitoke, nikamupa mutoto yangu mu mukono.

"Peleka hii, baiweke. Iko ya muzuri, nimeipika. Na bamwange hii mayi yote ya kisima balitiaka kule garaji, batie ya kijani. Bido iko pale."

Akaenda na kamionette. Magaribi akarudi, mikono safi. Sasa minajua, mikono ilikuwa safi sana.

"Imekwisha, Mama."

"Baliiweka?"

"Baliiweka."

"Na mayi ya kijani?"

"Na mayi ya kijani. Uko na furaha sasa?"

Nilikuwa na furaha. Nilichinja kuku. Nilimupatia paja mbili, na nikamwambia baba yake angefurahi kumuona.

Kiisha mugulu wangu ukavimba, nikabakia ku nyumba miezi mitatu na zaidi. Mutoto yangu alikuwa anaenda Mokambo peke yake, anarudi na mizigo kidogo, na kila mara nikiuliza motere, anasema iko bien. Nilipopona ilikuwa mwezi ya kumi, ile joto yenye kushika muntu ku shingo. Tukatoka babili. Mushale ikapanda, ikafika katikati, nikaona namna inasimama pale, nikafurahi sawa mupumbavu. Ilikuwa joto ya mwezi ya kumi. Miye nikasema ni termosta.

Kurudi tulijaza gunia za bunga paka juu. Njia ile iko udongo na muchanga, motere inalia mingi, na mbele ya daraja moya kuko mupando murefu. Jua ilikuwa juu ya kichwa. Tukaanza kupanda na mushale ikaanza kupanda pia. Ikapita katikati. Ikaenda ku nyekundu.

"Simama, Tata."

"Tumalize mupando, Mama. Nikisimama hapa na hii uzito hatutatoka."

"Simama nasema!"

"Hewa ya juu itaipoza."

Na kweli, mbele tufike juu, mushale ikaanguka. Mara moya, chap, paka chini kabisa. Mutoto yangu akapiga mukono ku volan, akacheka.

"Si niliambia! Unaona? Imeshuka. Imepoa."

Bwana yangu aliniambiaka: mushale ikianguka gafula mu mupando, motere haikupoa. Mayi imekwisha, ile kintu ya kupima joto haina tena mayi ya kupima, inalala. Zima motere hapo hapo, hata kama uko katikati ya njia.

"Imeshuka juu mayi imekwisha. Zima motere. Zima!"

"Mama, weye hata ikipanda unaogopa, hata ikishuka unaogopa. Ifanye nini sasa?"

Akaendesha. Siyue ni mita ngapi. Nilikuwa nasikia motere inagonga, sawa muntu anapiga sahani ya chuma na mwiko, na yeye alikuwa anaisikia pia, niliona shingo yake inakaza, lakini alishasema mbele yangu kama imepoa. Kiisha ikalia sauti moya ya mubaya, ikashika, na kamionette ikasimama yenyewe kule juu, pua yake inaangalia Lubumbashi, kwetu.

Tukashuka. Akafungua kapo, kifuniko ya motere, moshi ikatupiga ku uso. Nikaangalia chini ya motere. Mayi kidogo yenye kubakia ilikuwa inadondoka mu muchanga, na ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya kutu, ya kisima yetu. Hakukuwa tone moya ya kijani.

Nikarudi ndani kutafuta kitambaa ya kupangusa uso, nikafungua kasanduku ya mbele, pale anawekaka karatasi ya motokari. Nikashika kikwembe yangu. Kipande ile ile, na fundo ile ile niliifunga. Nikaifungua. Termosta ilikuwa ndani, na jwé yake ya karatasi, mupya, haijaguswa na mafuta.

Nikakuya nayo paka mbele ya kapo, nikaishika wazi mu kiganja.

"Hii ni nini?"

Akaiangalia. Muntu mukubwa, ana ndevu, ana diplome, na akaangalia viatu yake.

"Mekanisie alikataa, Mama. Alisema akiiweka, motere ikikufa tusimurudie."

"Na weye ukasema baliiweka."

"Weye ulikuwa unasema kila siku. Kila siku! Asubui termosta, magaribi termosta. Nikasema ndiyo ili tupate amani mu nyumba."

"Ulikula kuku yangu."

"Mama..."

"Paja mbili."

Nikapanda juu ya gunia, nikakaa pale na jua yote, termosta mu mukono. Bantu benye kupita na kinga, baiskeli zenye kujaa mahindi, balikuwa banatusalimia, banatupa pole. Mutoto yangu anajibu, anasema iko kintu kidogo, itapona. Nilimuacha adanganye na bale pia.

Haikupona. Kilase ilipinda, ile kichwa ya motere, na ndani zaidi bintu bilishikana. Kamionette ikavutwa paka mu parseli, ku nyumba yetu, ikasimama pembeni ya choo, kuku bakaanza kulala ndani. Mekanisie alituma neno kama angeliyua tutabeba mizigo mikubwa vile angelitushauri ingine. Bunga ya Mokambo nikaacha, juu kupakia ku motokari ya bantu unabakia na vumbi tu mu mukono. Mwezi ya pili yake nikalomba mutoto yangu chumvi. Alinipa, na sukari juu, na hakusema kintu. Nilitamani aseme kintu nimupige.

Miezi ikapita. Kiisha yeye akapata motere ingine, yenye kutoka mu kamionette moya iliyoangukaka mu mufereji, na mekanisie ingine, muzee ya kunyamaza. Siku ya kuiweka akakuya mbio toka ku kapo paka jikoni, telefone mu mukono, macho inangaa.

"Mama, kuya uone!"

Ile neno ilinishika. Ilikuwa sauti ya baba yake kabisa. Nikapangusa mikono, nikaenda.

Mu telefone kulikuwa Muzungu moya na salopete ya kazi, safi, anasimama ku reshari yake ya kupikia. Mbele yake sufuria. Mu sufuria mayi, na mu mayi termosta, yenye kufungwa na uzi.

"Unaona, Mama? Unaona, inafunguka! Anaeleza yote, hata ile mulango ya chini, hata vile haifai kuitoa mu inchi ya joto. Ulikuwa unasema kweli, Mama! Kweli kabisa!"

Nikangoya Muzungu amalize.

"Huyu alisoma paka mwaka gani?"

"Siyue, Mama."

"Unamuyua?"

"Apana."

"Na umemuamini."

Akazima telefone. Akasimama pale pa mulango ya jiko, pale pale alikuwa anakaa na sahani yake. Niliona anakumbuka, ao labda niliona kile nilitaka kuona. Akalomba sufuria na sauti ya chini.

Nikampa. Termosta nikaitoa mwenyewe mu kikwembe, nikafunga uzi, juu yeye hakuyue fundo. Ikafunguka mbele mayi ichemuke, ikajifunga pa simenti. Miezi yote ile mu kitambaa, na ilikuwa inafanya kazi yake sawa siku niliinunua. Muzee mekanisie akaitikia na kichwa, akaibeba. Mutoto yangu akalomba nisimame karibu ya mbabula na sufuria, anipige foto, aonyeshe benzake ku biro. Nikamwanga mayi, nikageuza sufuria chini, nikamwambia aende akatie mayi ya kijani, na miye nitasimama pale kuangalia anatia.

Sasa tunaenda tena Mokambo, siku ya posho. Mushale inapanda polepole, inafika katikati, inakaa pale. Mutoto yangu anaangalia njia, miye minaangalia mushale. Kila mara tukifika ule mupando mbele ya daraja, anasimamisha motokari chini, bila kuambiwa, anafungua kapo, anaangalia. Miye sishuke. Minangoya afunge, aingie, awashe. Kiisha tunapanda.